Nywele Zangu Zilisemaje?

Tumemzika rafiki yangu Alhamisi iliyopita pale Nyahanga, Kahama, baada ya swala ya adhuhuri, na kabla sijatoka makaburini nilikuwa nimeshagombana na mtu. Habari za kifo chake zilinikuta nyumbani Kambarage, Shinyanga, Jumatano jioni. Mdogo wake wa kiume ndiye aliyenipigia. "Kaka, dada yako ametutoka," alisema, nami nikambishia, kwa maana mara ya mwisho kuonana na dada yake huyo alikuwa mzima wa afya na alinibishia tangu nilipokaa mpaka nilipoaga. Kiharusi. Alianguka uani akianika nguo, wakamkimbiza hospitali, alasiri akakata roho. Kesho yake nikawa Kahama, nikabeba jeneza zamu yangu ilipofika, nikatupa udongo wangu. Tulipokuwa tunanawa mikono, bwana mmoja mtanashati, ambaye huko nyuma alisimamia miradi kadhaa ya utafiti katika kanda hii, alitikisa kichwa akasema, "Mungu amrehemu. Alikuwa mchapakazi. Basi tu, ule ubishi wake ndio uliomkosesha mengi." Nikamwuliza, mengi yapi? "Ah, unajua mwenyewe. Angekuwa mbali yule." Nikamwambia ageuke atazame watu waliofurika pale, kisha anieleze ni mbali gani zaidi ya hapo alipotaka marehemu afike. Akanijibu kwamba leo si siku ya malumbano. Labda ni kweli. Lakini leo ni siku ya safu hii, na ugomvi ule haukuisha, kwa hiyo mniwie radhi, nauendeleza hapa mbele yenu.

Marehemu alikuwa mdadisi. Sijui kama kazi hiyo mnaifahamu, ingawa nina hakika imeshawabishia hodi. Kila mara wasomi wanapotaka kujua jambo juu yetu, kwa nini watoto wa kijiji fulani wana kichocho, kwa nini mama anajifungulia nyumbani wakati zahanati iko jirani, kwa nini bibi kizee mwenye macho mekundu anaitwa mchawi, huandika mpango wao, huupeleka kwenye kamati ya maadili, hupewa kibali, halafu hutafuta mtu wa kwenda kukaa kwenye kigoda cha mwenye nyumba na kuuliza. Mtu huyo ndiye mdadisi. Yeye aliifanya kazi hiyo muda mrefu kuliko yeyote ninayemjua, toka Shinyanga vijijini mpaka migodini Geita. Baba yake alikuwa Mwislamu wa pwani aliyeifuata biashara mpaka Isaka, akaoa binti wa Kisukuma wa Kagongwa na hakurudi tena kwao. Kwa hiyo binti yao alikulia katikati ya lugha mbili, akasoma stashahada ya maendeleo ya jamii, na akawa na Kiswahili cha kumsikilizisha hakimu na Kisukuma cha kumchekesha mchunga ng'ombe. Vijijini walimwita Mama Maswali. Watoto walianza kuliita jina hilo kwa utani, wazee wakalipokea, na mwishowe hata kwenye simu yangu nilimwandika hivyo. Alikuwa mrefu, mkavu, mwenye sauti ya kukwaruza, na alivaa raba nyeupe za turubai ambazo sikuwahi kuziona zikiwa nyeupe.

Nilimfahamu siku ambayo nusura tupigwe. Nilikuwa mwandishi wa habari kijana, nimeomba lifti kwenye gari la watafiti waliokuwa wanakwenda kupima damu za watoto katika kijiji kimoja upande wa Kahama, nipate habari ya kuandika. Tulipofika shuleni hatukukuta watoto. Tulikuta wanaume, wengi, wameshika fimbo, na mwano ulikuwa umeshapigwa. Ule ukelele ambao mkulima akiusikia huacha jembe na kukimbilia unakotoka, kama vile wezi wa ng'ombe wameingia. Uvumi ulikuwa umetutangulia. Ilisemekana sisi ni mumiani, tunanyonya damu za watoto na kuziuza. Dereva alishaanza kurudisha gari nyuma. Mkuu wa utafiti, daktari mmoja mpole aliyekuja kutoka mbali, alikuwa anatafuta karatasi ya kibali kwenye mkoba ili awaoneshe. Mama Maswali akafungua mlango, akashuka, akawaamkia, "Mwangaluka, bababa!" kwa sauti ile ya kukwaruza, na salamu ikikufikia Usukumani huwezi kuiacha hewani, hata kama umeshika fimbo. Wakaitika, kwa kununa, lakini wakaitika.

Hakuwaambia kwamba uvumi ule ni ujinga. Hilo ndilo nililolishika. Aliwaambia kwamba mtu akitaka kuchukua damu ya mtoto wako, una haki ya kumsimamisha, na kwamba angewashangaa kama wangekaa kimya. Kisha akasema waulize. Mzee mmoja akauliza kwa Kisukuma damu hiyo ikishatoka inakwenda wapi. Mama Maswali akamgeukia daktari, akamtafsiria. Daktari akajibu kwamba sampuli zitahifadhiwa na kushughulikiwa kwa kufuata taratibu zote zilizoidhinishwa. Mama Maswali akatikisa kichwa. "Hilo silitafsiri," akasema.

"Kwa nini?" daktari akauliza, jasho likimtiririka.

"Kwa sababu halikujibu. Mzee ameuliza inakwenda wapi. Taja mji. Taja jengo. Ikishapimwa, inamwagwa wapi, nani anaimwaga? Mimi nikitafsiri hayo maneno yako ya taratibu, tutalala hapa, na si kitandani."

Daktari akaufunga mkoba wake. Akataja mji. Akaeleza jengo lilivyo, akaeleza kwamba damu ikishapimwa huchomwa katika tanuru maalumu mpaka iwe majivu. Mama Maswali akayageuza hayo yote kuwa Kisukuma, taratibu, na palipotajwa majivu akaongeza ishara ya mkono. Wanaume wakaanza kuulizana wenyewe kwa wenyewe. Yule mzee akasema kama inachomwa basi hakuna wa kuinunua, maana nani hununua majivu? Wakacheka. Fimbo zikashushwa, mtu mmoja akatumwa kuwaita akina mama, na kabla ya mchana kulikuwa na foleni ya watoto pale barazani, wengine wanalia, wengine wanawacheka wanaolia. Dawa za kichocho zilizofuata mwaka uliokuja kijijini pale zilitokana na damu ile. Nasema hivi mapema ili msije mkadhani kwamba namzungumzia mtu aliyeuchukia utafiti. Aliuamini utafiti kuliko watafiti wengi ninaowajua. Aliniambia mara nyingi kwamba ugonjwa usiopimwa haupewi dawa, na kwamba maskini asiyehesabiwa ndiye wa kwanza kusahaulika. Alichokataa ni kitu kingine, na hicho ndicho kilichomletea balaa.

Miaka mingi baadaye alichukuliwa katika utafiti uliohusu zebaki kwenye machimbo madogo ya dhahabu mkoani Geita. Wasomaji wangu wa machimboni wanajua ninachosema. Walio mbali niwaeleze. Mawe yakishasagwa na kuoshwa, mchanga unaobaki huchanganywa na zebaki ili ikusanye chembe za dhahabu, halafu donge lile huchomwa motoni, zebaki ikatoka kama moshi na dhahabu ikabaki. Kazi ya kuosha mchanga wa marudio, yaani ule ulioachwa na wenye mashimo, ni ya wanawake kwa sehemu kubwa. Wanaichanganya zebaki kwa mikono mitupu, mtoto yuko mgongoni, na wengi huchomea donge lao jikoni, kwenye jiko lile lile la ugali, kwa kuogopa kuibiwa. Watafiti walitaka kujua ni kiasi gani cha zebaki kimeingia miilini mwa akina mama hao. Kibali walipata, na walistahili. Kilichohitajika ni mkojo kidogo, na nywele.

Nywele si jambo dogo huku kwetu. Mwenye nywele zako anakuwa na wewe; bibi zetu hukusanya hata zile za kinyozi na kuzifukia. Kumwomba mwanamke wa Kisukuma au Kizinza akate kishungi cha kisogoni akukabidhi, nawe ni mgeni usiyejulikana kwenu ni wapi, ni kumwomba akukabidhi roho yake ndani ya bahasha. Mama Maswali alikwenda nyumba kwa nyumba. Aliketi nao kwenye michanga yao, akaeleza. Na katika maelezo yale, yaliyoandikwa na wakubwa na kuidhinishwa na kamati, kulikuwa na ahadi moja: kila mmoja ataletewa majibu yake. Aliisema kwa Kiswahili, akairudia kwa Kisukuma. Wanawake wakainamisha vichwa, wakakatwa nywele.

Magari yakaondoka. Mvua za vuli zikaja zikaisha, pamba ikapandwa, ikavunwa. Mama Maswali akaendelea na kazi nyingine kwingine, akiamini kwamba majibu yamepelekwa. Siku moja akapita kijiji kile kwa ajili ya msiba wa mtu aliyemfahamu. Akiwa amekaa na wanawake, mama mmoja kijana akamsogelea, amembeba mtoto mkubwa wa kutosha kutembea ambaye bado shingo yake ilikuwa inalegea. Mama huyo alikuwa muoshaji wa marudio, na utafiti ulipopita mtoto alikuwa angali tumboni. Akamwamkia, akakaa, akamwuliza kwa sauti ndogo, akimwita mama kwa Kisukuma, "Mayu, nywele zangu zilisemaje?"

Mama Maswali aliponisimulia hayo tulikuwa tumekaa barazani kwake Nyahanga. Alisema hajawahi kuulizwa swali zito namna ile maishani mwake, yeye aliyekula mkate wake kwa kuuliza. Akamwambia yule mama kwamba ataliuliza. Wanawake wengine waliokuwa pale wakamtazama, hakuna aliyemtukana, na mmoja akasema kwa upole tu, "Si ulituambia wewe?" Alisema hilo ndilo lililomchoma kuliko matusi. Wale wakubwa hakuna aliyewajua majina. Aliyejulikana ni yeye. Ahadi ile ilikuwa imetoka kinywani mwake, kwa lugha ya mama yake.

Akapiga simu kwa waliomwajiri, akaambiwa asubiri kikao cha kuwasilisha matokeo. Kikao kikaitishwa kweli, mjini Geita, katika ukumbi wenye viyoyozi, na mimi nilialikwa kama mwandishi. Kulikuwa na chai na sambusa, viongozi mstari wa mbele, na ukutani zikaoneshwa picha na michoro. Mkuu wa utafiti huu, daktari mwingine, alieleza vizuri, nisimpunje haki yake: kiwango cha zebaki kwa wanawake wengi kilikuwa juu kuliko inavyofaa, na alipendekeza hatua. Mchoro ulikuwa na nguzo nyekundu, nyingine ndefu nyingine fupi, na pembeni yake waliweka picha ya mama mmoja akiosha mchanga, mtoto yuko mgongoni. Nilikuwa nimekaa nyuma karibu na Mama Maswali. Nikamsikia akivuta pumzi. Akanyoosha mkono. Mshereheshaji akasema maswali ni kwa wageni waalikwa. Akasimama hata hivyo.

"Yule mama aliye kwenye picha yenu pale ukutani namjua," alisema, na sauti yake haikuhitaji kipaza sauti. "Naomba nioneshwe, katika hizo nguzo nyekundu, yeye ni nguzo ipi?"

Mkuu wa utafiti akatabasamu kama mtu anayemsaidia mwenzake, akasema, "Mama, kwa maadili ya utafiti hatutaji mtu mmoja mmoja. Majibu ya kila mshiriki ni siri."

"Siri kwa nani?"

"Kwa kila mtu, mama."

"Hata kwake mwenyewe? Nywele ni zake, mwili ni wake, mtoto ni wake. Mmelijua ninyi, limejulikana maabara, leo mnalionesha kwa viongozi ukutani kwa rangi nyekundu. Asiyejua ni yeye peke yake. Hiyo siri mnamfichia nani?"

Mshereheshaji akamwomba akae. Hakukaa. Akaombwa tena, na kiongozi mmoja wa mstari wa mbele akageuka kumwangalia kwa namna ambayo wengi wetu ikitukuta, huketi papo hapo. Akabaki amesimama vilevile, mikono ameikunja kifuani, mpaka kikao kikaahirishwa kwa chai kabla ya wakati wake. Nje, chini ya kibaraza, mkuu wa utafiti akamfuata. Nilikuwa hatua chache kutoka kwao na sikujifanya sisikii.

"Umeniaibisha mbele ya watu," akamwambia.

"Daktari, mimi nimekuaibisha? Neno lile mliliandika ninyi, nikalisema mimi. Kule kijijini akiitwa mtu mwongo, anayeitwa ni mimi."

"Sikukataa kuwapa. Sikiliza. Majibu ya namna ile hayapelekwi kama barua ya posta. Anatakiwa daktari akae na kila mmoja, amweleze, ampe ushauri. Hilo halikuwekwa kwenye bajeti. Sasa mradi umekwisha, magari yamerudishwa, watu wametawanyika."

"Mradi umekwisha kwenu," akamwambia. "Yule mama bado anaosha mchanga."

Ndivyo walivyoachana. Na hapa ndipo yule bwana mtanashati wa makaburini anapoanzia hesabu yake ya "mengi" aliyoyakosa. Ni kweli, hakuitwa tena kazini. Hakuna aliyemfukuza, katika kazi zile hakuna kufukuzwa, simu tu huacha kuita. Miradi ilikuja Kahama, ikaja Shinyanga, ikachukua wadadisi waliofundishwa na yeye, naye akawa anawaona wakipita na fulana mpya za mradi. Akarudi Kagongwa kwa wajomba zake, akanunua mchele na kuuza. Nilimtembelea huko, nikamkuta ameketi kati ya magunia, vumbi la pumba limemjaa kwenye nyusi. Nilimwuliza kama anajuta. Akanitazama kana kwamba nimemwuliza swali lililokosewa kuandikwa. "Najuta kwamba nilikaa muda wote ule bila kuuliza kama majibu yalifika," akasema. "Hilo la kusimama, hapana. Ningekaa, ningepitaje tena mlangoni kwa mtu nikasema hodi?" Kisha akaniambia kwamba ameiandikia ile kamati iliyotoa kibali.

Hapo naomba nitoke kidogo nje ya habari yake. Huku kwetu, katika ukanda huu wa dhahabu, pamba na ng'ombe, sisi ni watu tuliopimwa sana. Tumepimwa damu, mkojo, makohozi, urefu wa watoto wetu, kina cha visima vyetu. Tumeulizwa tunalala na nani, tunamwabudu nani, tunamwogopa nani. Hakuna ubaya katika hilo. Mengine yametuletea vyandarua, dawa na maji. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Lakini wahenga hawakumwona mgeni anayekuja na mkoba mtupu, akaondoka nao umejaa, na mwenyeji akabaki anamsubiri kwenye kizingiti. Na tumezoezwa kuamini kwamba kibali kikishatolewa huko juu, kazi yetu sisi ni kukunja mkono wa shati. Mwenyekiti wa mtaa akiona mhuri anatuliza roho. Mhuri ni jambo jema. Umewekwa ili kutulinda, na watu wanaoushughulikia usiku na mchana kuhakikisha hatudhuriwi nawaheshimu. Lakini mhuri unamruhusu mgeni kuja kuniomba. Haumruhusu kunichukulia. Ruhusa ya kile kilicho kichwani na mwilini mwangu ninayo mimi, na nikiitoa, naitoa kwa masharti, na sharti la kwanza ni kwamba nitaambiwa. Anayesema kwamba huo ni ubishi wa mtu asiye na shukrani, aje tuongee. Namsubiri.

Barua yake ilijibiwa. Ilichelewa, lakini ilijibiwa. Kamati ilipitia mpango wa utafiti ule, ikakuta ahadi iko pale pale kama alivyosema, ikawaandikia watafiti kwamba majibu hayana budi kurudi kwa wenyewe. Sitaki kumfanya yule mkuu wa utafiti kuwa shetani, kwa sababu hakuwa shetani. Alipoagizwa, alitafuta namna, akapata daktari na muuguzi, na yeye mwenyewe akaja. Walipofika kijijini, wanawake walikataa kuingia chumbani. Walisema hawamjui mtu pale. "Mleteni kwanza Mama Maswali," wakasema. Ikabidi gari ligeuze mpaka Kagongwa, likamkuta kwenye magunia yake. Aliniambia alitaka kuringa kidogo, awaambie wasubiri auze kwanza, lakini akaona miguu inakwenda yenyewe.

Walitumia darasa la shule, siku ya Jumamosi. Wanawake waliingia mmoja mmoja, mlango ukafungwa, Mama Maswali akakaa ndani kutafsiri kwa waliohitaji. Wengine walitoka wakicheka kwa ahueni. Wengine walitoka wamefunika midomo kwa khanga. Yule mama kijana aliingia na mtoto wake, na akaambiwa kwamba nywele zake zilikuwa na zebaki nyingi, kati ya walioongoza. Akauliza kama hicho ndicho kilichomlegeza mwanawe. Daktari akamwambia ukweli: huenda, lakini hawezi kusema kwa hakika, kuna mambo mengine mengi yanayoweza kumfanya mtoto awe hivyo, akamwandikia rufaa apelekwe kwa wataalamu. Mama Maswali alikuwa anaogopa dakika ile kuliko zote. Alidhani yule mama ataangua kilio, kwamba baada ya kusubiri kote kule amepewa jibu nusu. Yule mama akamfunga mtoto mgongoni vizuri, akashukuru, "Wabeja. Sasa ninajua mnachokijua, na ninajua msichokijua. Nilikuwa sina hata kimoja."

Jioni ile ile, kabla gari halijaondoka, wanawake walikutana wenyewe nyuma ya darasa bila kuwaita watafiti wala mwenyekiti. Wakakubaliana kwamba hakuna tena kuchomea donge jikoni, na wakachagua sehemu ya kuchomea huko nje, mbali na nyumba, upande usiopeleka moshi kijijini. Waume kadhaa walipinga kwa hofu ya wezi. Wakajibiwa na wake zao waende wakalinde basi. Siwadanganyi kwamba zebaki imekwisha pale. Njaa haina subira, na wapo waliorudi kuishika kwa mikono mitupu wiki iliyofuata. Lakini yule mama kijana hakurudi kwenye mchanga. Anauza maharage na karanga sokoni. Mtoto alipelekwa hospitali, akafanyishwa mazoezi muda mrefu, leo anatembea kwa kuyumba na anasema maneno machache, mengi yakiwa ni kudai chakula. Na yule mkuu wa utafiti, alipoanzisha kazi nyingine, alimpigia simu kwanza Mama Maswali. Mama akaipokea kazi ile kwa sharti kwamba siku ya kurudisha majibu ipangwe kabla ya siku ya kuchukua sampuli. Mkuu huyo akakubali, na tangu hapo amefanya hivyo katika kazi zake zote. Alikuwepo mazikoni. Alikaa mkekani na wanaume wa ukoo, na nilipomsogelea akaniambia kitu kimoja tu: "Alinifundisha kazi, na nilimchukia mwaka mzima."

Tuliporudi kutoka makaburini nilikuta Noah imeegeshwa nje ya nyumba, ina vumbi la njia ya machimboni. Wanawake wa kijiji kile walikuwa wamekuja, wameketi uani na wanawake wa Nyahanga, Wakristo na Waislamu magoti yakigusana, wanamenya vitunguu vya pilau ya msiba. Yule mama kijana alikuwa kati yao, mtoto wake anazunguka akiomba nyama. Nilimpa pole. Akanijibu kwamba wao ndio wafiwa, nisidhani ni wageni. Basi, wanaosema ubishi ulimkosesha mengi, mimi nasema hivi: mtu asiyesimama kwa neno lililotoka kinywani mwake hana alichokipata hata akipewa gari. Na sisi tunaoulizwa kila siku tujifunze kwake kwamba mwenye kuulizwa naye ana haki ya kuuliza, tena ya kurudia swali mpaka lijibiwe, mbele ya yeyote, katika ukumbi wowote.

Nimeanza kulifanyia kazi somo hilo. Jumamosi, siku mbili baada ya mazishi, niligongewa geti hapa Kambarage. Walikuwa vijana wawili, mvulana na msichana, wana vishikwambi mkononi na vitambulisho shingoni. "Shikamoo, baba." "Marahaba, wanangu." Wakajieleza kwa adabu: utafiti juu ya shinikizo la damu kwa watu wa umri wangu, kibali hiki hapa, wangependa kunipima na kuniuliza maswali machache. Nikakisoma kibali chote, nikiwa nimesimama katikati ya geti. Nikawaambia ni kizuri. Kisha nikawauliza majibu yatarudi lini, na nani atayaleta. Mvulana akasema hilo litaamuliwa na ofisi. Nikamwambia ofisi haijabisha hodi kwangu, waliobisha ni wao. Wakatazamana. Msichana akainama kidogo akifikiri, na nikaona kwamba anafikiri kweli, hatafuti namna ya kunipita.

"Nitayaleta mimi, baba," akasema. "Hata kama ni mabaya."

Nikafungua geti. "Karibuni ndani," nikawaambia. "Na usiporudi, binti yangu, nitakufuata mimi."